Milango ya Kitambaa ya Kusukuma: Shajara ya Mradi wa Nyumba ya Kigamboni

Mei, masika yanapoisha

Mradi huu unahusu nafasi mbili za nyumba yetu ya Kigamboni. Ya kwanza ni kabati la ukutani la chumba cha kulala, ambalo milango yake ya ubao wa MDF (nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandamizwa kwa gundi) imevimba upande wa chini kwa maji ya kudekia na unyevu wa masika. Ya pili ni uwazi mpana uliopo kati ya sebule na mahali pa kulia chakula, ambao tangu nyumba ijengwe umekuwa ukizibwa kwa pazia lisilotulia hata kidogo upepo wa baharini unapoingia. Zote mbili nakusudia kuzifunga kwa milango ya kusukuma pembeni, yenye fremu ya mbao na kitambaa kilichotandazwa katikati, bila kioo, bila ubao mzito na bila bawaba.

Hesabu ya uzito ndiyo iliyonishawishi kwanza. Mita moja ya ujazo ya MDF ina uzito wa kilo 750 hivi, kwa hiyo mlango mmoja wenye unene wa milimita 18, upana wa sentimita 93 na urefu wa sentimita 211 unazidi kilo 26. Fremu ya mbao ya mtiki ya ukubwa huohuo, pamoja na kitambaa chake, inabaki kwenye kilo 8 au 9. Mlango mwepesi kiasi hicho hauhitaji magurudumu ya bei kubwa wala watu wawili wa kuunyanyua. Sababu nyingine ni hewa, kwani nguo zilizofungiwa ndani ya kabati lisilopitisha hewa katika ukanda wa Pwani huanza kunuka uvundo na kuota ukungu kabla ya mvua kwisha, ilhali pamba iliyofumwa huachia hewa ipite hata mlango ukiwa umefungwa.

Nimejiwekea sharti moja ambalo litaamua karibu kila jambo litakaloandikwa humu: kitambaa lazima kiweze kuvuliwa, kufuliwa na kurudishwa na mtu yeyote wa nyumbani, bila kumwita fundi na bila kung'oa msumari hata mmoja. Barabara yetu ni ya vumbi, na kitambaa cha mlango hushikwa na mikono kila siku. Nimeona mahali pengi milango ya aina hii iliyopigiliwa kitambaa kwa pini za stepla. Mwaka wa kwanza hupendeza, mwaka wa pili huwa na rangi ya vumbi, na mwaka wa tatu hurudishiwa pazia.

Nafasi ya tatu, ile ya jikoni, nimeiondoa kwenye mpango. Pamba na jiko la gesi havikai pamoja. Bafuni pia hapafai, wala mlango wa nje haufai, na yeyote anayetaka kuzuia sauti asahau kitambaa kabisa.

Juni, wiki ya kwanza: vipimo

Uwazi wa kabati una upana wa milimita 1,860 juu na 1,872 chini, na sakafu ya vigae inashuka milimita 6 kutoka kushoto kwenda kulia. Tofauti za namna hii ni za kawaida katika kuta za matofali ya saruji zilizopigwa lipu kwa mkono, na mlango wa bawaba huzivumilia kwa sababu husimama mahali pamoja, ukaguswa kidogo na randa pale unapokwama. Mlango wa kusukuma hauzivumilii, kwa kuwa husafiri upana wote wa uwazi, na kila unapofika lazima ukute urefu uleule.

Fundi seremala wa mtaani kwetu, ambaye atanisaidia kazi za mashine, alipoweka timazi kwenye ukuta alicheka akasema, "Mwalimu, huu ukuta tukiufuata tutafika Mbagala." Tumekubaliana kwamba ndani ya uwazi itajengwa kwanza fremu ya nje, yaani miimo miwili na vizingiti viwili, ambayo itakazwa kwa kabari hadi pima maji na timazi vikubali, kisha nafasi zinazobaki kati ya mbao na ukuta zitazibwa kwa lipu. Miimo ina unene wa milimita 22 kila mmoja, na pamoja na kabari inatuachia uwazi safi wa milimita 1,800 kwa 2,100. Kuanzia hapo ukuta hauna tena usemi katika mradi huu.

Upana wa kila mlango unatokana na hesabu rahisi. Milango ni miwili na inapishana. Mbao zake za wima zitakuwa na upana wa milimita 60, nami nataka milango ikifungwa, ubao wa wima wa mmoja uufunike kabisa ubao wa wima wa mwenzake ili mtu aone mstari mmoja tu katikati. Kwa hiyo 1,800 jumlisha 60 ni 1,860, na nusu yake ni 930.

Juni, mwishoni: mbao

Kwa milango, mninga ndio mti ambao mafundi wengi wangeutaja kwanza, nao wana haki, kwani ni miongoni mwa miti inayosinyaa kidogo sana inapokauka, na ukishakauka hautikisiki sana kwa mabadiliko ya unyevu. Hata hivyo ni mti wa miombo unaokua taratibu na bei yake imepanda. Msonobari wa Sao Hill, kule Mufindi, ni rahisi kupatikana kila duka la mbao, lakini mara nyingi huuzwa ukiwa bado mbichi, na fremu nyembamba ya msonobari mbichi huweza kujinyonga ikiwa imeegemezwa tu ukutani. Nimechagua mtiki wa mashamba ya kupandwa, wa aina inayotoka Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Ni mwepesi kwa nguvu zake, hautoi shida kwenye randa, na moyo wake unastahimili mchwa. Neno moyo lina uzito hapo, kwa sababu mtiki uliovunwa ukiwa mchanga huwa na sehemu nyeupe nene pembeni, na sehemu hiyo haina kinga yoyote dhidi ya wadudu watoboao mbao. Nimechagua vipande kimoja kimoja, nikikataa kila kilichokuwa na ukanda mweupe mpana kuliko kidole.

Kizingiti cha chini, ambacho milango itasuguana nacho kila siku, kitakuwa cha mkongo. Ni mgumu, na msumeno utalalamika, lakini kipande chenyewe ni kimoja tu.

Mbao zimenunuliwa kwa kipimo cha inchi mbili kwa nne na zimepangwa barazani kivulini, kila safu ikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite pande zote. Kipande kimoja kifupi nimekitenga kwa ajili ya kupimwa uzito kila juma kwenye mizani ya duka la jirani. Kikiacha kupungua, mbao zimefikia usawa na hewa ya hapa. Katika unyevu wa hewa wa Pwani usawa huo huwa kwenye asilimia 14 au 15 ya maji ndani ya mbao, kwa hiyo hakuna faida ya kutafuta mbao zilizokaushwa kupita hapo, maana zitayanywa maji hayo tena zikishafungwa.

Julai: fremu

Mizani imetulia na kazi imeanza. Mbao zimepitishwa kwenye mashine ya randa hadi unene wa milimita 30. Za wima zina upana wa milimita 60, ya juu 60, ya katikati 45, na ya chini 90; ile ya chini nimeipa upana zaidi kwa sababu ndiyo inayopigwa na ufagio na miguu, na pia uzito ukikaa chini mlango hutulia.

Viungo vyote ni vya ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya ubao mmoja huingia ndani ya shimo la ubao mwingine. Kwa ubao wa milimita 30, ulimi una unene wa milimita 10, yaani theluthi moja, ambayo ndiyo kanuni ya zamani ya useremala: ulimi ukinenepa, kuta za tundu hupasuka, ukikonda, ulimi wenyewe huvunjika. Fundi alipendekeza tutumie skrubu ndefu na pembe za chuma ili kuokoa muda. Nilikataa, na bado naona nilikuwa sahihi, kwa kuwa fremu ya kitambaa haina ubao wa kujaza katikati unaoizuia isilale upande. Mlango wa ubao husimama kwa nguvu ya ubao wake. Wa kitambaa husimama kwa nguvu ya pembe zake nne, nazo zikilegea kwa milimita moja, mlango wenye urefu wa mita mbili unaacha kuwa mstatili na kuanza kukwama kwenye mfereji.

Kila fremu imeunganishwa kwanza bila gundi na kupimwa kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, pembe zote ni sawa, na skwea haihitaji kuulizwa tena. Baada ya hapo imepakwa gundi nyeupe ya mbao na kubanwa kwa klampu usiku kucha juu ya sakafu iliyonyooka, si juu ya meza, kwani meza ya karakana ilikuwa na mbonyeo ambao fremu ingeurithi.

Ubao wa katikati uko milimita 900 kutoka chini na una kazi mbili. Kwanza, mkono wa mtu anayesukuma mlango hutua pale, si kwenye kitambaa. Pili, kitambaa kilichokazwa huzivuta mbao ndefu za wima zikaribiane, na bila kitu cha kuzitenganisha katikati zingejipinda kuelekea ndani kama upinde. Kishikio ni shimo la mviringo wa mayai lenye kina cha milimita 10 lililochimbwa kwa patasi kwenye ubao wa wima, kwa sababu kishikio chochote kinachojitokeza nje kingegongana na mlango wa pili wakati wa kupishana.

Julai, wiki ya mwisho: mifereji

Sehemu hii nimeiazima Japani, ambako nyumba za jadi zina milango ya mbao na karatasi inayoteleza ndani ya mifereji ya ubao bila gurudumu hata moja. Siri yao ni kwamba mfereji wa juu na wa chini havina kina sawa. Wa juu ni wa kina kirefu, wa chini ni mfupi sana. Ukitaka kuutoa mlango unaunyanyua, sehemu yake ya juu inazama zaidi ndani ya mfereji wa juu, ya chini inachomoka, na mlango unatoka mikononi mwako bila bisibisi. Kwangu mimi hilo ni jibu la sharti la kufua, maana fremu hutolewa kabatini na kulazwa kitandani kabla ya kuguswa kitambaa.

Vipimo nilivyovitumia ni hivi. Mfereji wa chini una kina cha milimita 3, wa juu milimita 15. Mlango unakaa juu ya sakafu ya mfereji wa chini na kuingia milimita 9 ndani ya ule wa juu, kwa hiyo urefu wake kamili ni 2,100 jumlisha 3 jumlisha 9, yaani milimita 2,112. Juu yake kunabaki milimita 6 za hewa. Kuutoa mlango kunahitaji kuunyanyua zaidi ya milimita 3 tu, na milimita 3 zinazobaki ni akiba ya msimu wa mvua, mbao zitakapovimba, au ya siku kizingiti cha juu kitakaposhuka kidogo.

Kila mfereji una upana wa milimita 20, na kati ya mifereji miwili kuna ukuta wa milimita 14, kwa hiyo kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine ni milimita 34. Milango ina unene wa 30. Inapopishana inaachiana milimita 4. Ncha za juu na za chini za milango zimepunguzwa unene hadi milimita 18 ili ziingie mferejini na kubakiza milimita moja kila upande. Kazi ya kuchimba imefanywa kwa mashine ya ruta kwenye karakana moja ya Keko, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya mradi ambayo singemshauri mtu aifanye kwa mkono.

Kizingiti cha juu kimeshikizwa kwenye lenta kwa skrubu na plagi kila baada ya sentimita 30, kwa sababu ubao wa mita 1.8 ukiachwa ushikwe ncha mbili tu utashuka katikati kwa uzito wake wenyewe na kuibana milango. Skrubu zote ni za chuma cha pua. Hewa ya chumvi ya huku hula zile za kawaida hadi zinakatikia ndani ya mbao. Mifereji imepigwa msasa laini na kusuguliwa kwa nta ya nyuki ya Tabora, ambayo haivutii vumbi kama mafuta yanavyovutia.

Agosti: kitambaa

Kwa kabati nimechagua marekani, pamba isiyopaushwa, yenye vijidoadoa vya mbegu ndani yake. Ni kitambaa chenye ukoo mrefu hapa Pwani, kwani wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakikileta Unguja kwa marobota katika karne ya 19, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokausha shehena na vitambaa vya Uingereza na India kuchukua nafasi. Faida yake kwangu ni za kawaida zaidi: ni imara, haina rangi ya kuchujuka, na hupokea mwanga vizuri.

Kanga niliifikiria na kuiacha. Kanga moja ina ukubwa wa sentimita 150 kwa 110 hivi, na uzuri wake ni wa kitu kizima, yaani pindo kuzunguka, mji katikati na jina chini yake. Ndani ya fremu yenye uwazi wa sentimita 81, pindo za pande mbili zingefichwa, na kanga ikisimamishwa wima jina lingesomwa kwa kuinamisha shingo. Shangazi yangu aliposikia wazo hilo aliniuliza nimekosea nini hata nitake kuikatakata kanga, na mjadala ukaishia hapo.

Kabla ya kukata chochote nilichora kwa penseli mraba wa sentimita 50 kwenye kona ya kitambaa, nikakiloweka chote katika maji ya moto, nikakianika na kukipiga pasi. Mraba ulirudi ukiwa na sentimita 47.5 kwa urefu wa jora na 49 kwa upana wake. Maana yake ni kwamba mlango mmoja ungepoteza sentimita 10 za urefu wa kitambaa katika kufuliwa mara ya kwanza, na fremu ingejipinda au kitambaa kingechomoka. Maji yale yalitoka mazito, kwa kuwa marekani huuzwa ikiwa na wanga mwingi unaoifanya ionekane nzito dukani. Nimekiloweka na kukianika tena hadi vipimo vilipoacha kubadilika.

Kukata kwa mkasi kwa kufuata mstari wa rula hakutoshi. Nimefanya kama wafanyavyo mafundi cherehani wa zamani: unachomoa uzi mmoja wa mshindio, yaani unaokatisha upana wa kitambaa, taratibu, ukiuvuta kwa vidole huku kitambaa kikijikunyata nyuma yake, hadi unaacha njia nyembamba inayoonekana ukikielekeza kitambaa dirishani, kisha mkasi unafuata njia hiyo. Uzi ukikatika, unatafuta ncha yake kwa sindano na kuendelea. Kazi hiyo inachosha macho, lakini ndiyo inayohakikisha kwamba nyuzi za mtande, zile zinazofuata urefu wa jora, zitasimama wima kabisa ndani ya fremu. Kitambaa kilichokatwa kwa mshazari hata kidogo huvutika upande mmoja zaidi ya mwingine, na baada ya miezi michache huonyesha mikunjo inayoanzia konani, ambayo hakuna pasi inayoiondoa.

Njia ya kukishikiza nimejifunza kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Wao hushika nyavu za mbu kwa mpira mwembamba unaosukumizwa ndani ya mfereji kwa kigurudumu chenye mpini, na mpira huohuo unauzwa kwa mita katika maduka yao. Upande wa nyuma wa kila fremu, milimita 12 kutoka ukingo wa ndani, umechimbwa mfereji wenye upana wa milimita 4 na kina cha 7, kuzunguka kila moja ya nafasi mbili za kitambaa. Mpira nao ni wa milimita 4. Mtu angedhani ungepwaya, lakini kitambaa huingia mferejini pande zote mbili za mpira, na unene wake ndio unaokaza.

Utaratibu wa kutandaza ni huu. Kitambaa kinalazwa juu ya fremu kikiwa na ziada ya sentimita 5 kila upande. Mpira unaingizwa kwanza upande wa juu, kuanzia katikati kwenda konani, halafu upande wa chini, tena kuanzia katikati, huku mkono wa kushoto ukikivuta kitambaa kwa nguvu ya wastani tu, kisha pande mbili za wima. Kona huachwa mwisho. Ukianza na kona, kitambaa kinajaa katikati na hakuna pa kukipeleka. Kigurudumu kinapopita, unasikia mpira ukidumbukia kwa mlio mfupi. Pasipolia, bado haujafika chini. Uzi wa mtande unautazama muda wote: ukianza kuinama, unachomoa mpira sehemu hiyo na kurudia. Mwishoni kitambaa kinapopigwa kwa kidole hakina haja ya kulia kama ngoma; kinatakiwa kurudi mahali pake bila kuacha bonde. Ziada haikukatwa, bali imepindwa na kushonwa upindo, kwa sababu kitambaa kitakachorudi kutoka kwenye beseni kitahitaji kitu cha kushikiwa.

Milango ya kabati imeingia kwenye mifereji jioni hiyohiyo, nayo inasukumwa kwa kidole kimoja.

Septemba: uwazi wa sebule

Hapa mfereji wa chini hauwezekani. Watu wanapita usiku na mchana, wamo watoto wanaokimbia, na bibi anatembea kwa mkongojo. Kizingiti cha milimita 20 sakafuni ni cha kumwangusha mtu. Milango hii miwili, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita 990, inaning'inia kwenye reli ya aluminiamu iliyofungwa kwenye lenta upande wa kulia chakula, na kila mlango una magurudumu mawili juu. Inafunguka kwa kuachana, mmoja kushoto na mmoja kulia, ikiteleza mbele ya ukuta. Ndiyo sababu fundi wa umeme alilazimika kuhamisha swichi ya taa, ambayo ingebaki nyuma ya mlango wa kushoto kila ukifunguliwa.

Tatizo halisi la milango hii ni upepo. Kusi ikivuma na madirisha yakiwa wazi, mlango wa kitambaa unaoning'inia ni tanga. Upepo wenye kasi ya mita 5 kwa sekunde unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo moja na nusu hivi; mlango wenye eneo la mita 2.2 za mraba unapokea zaidi ya kilo 3, na kasi ikiongezeka maradufu nguvu hiyo inakuwa mara nne. Mlango wa kilo 9 ulioshikwa juu tu utayumba na kugonga ukuta usiku kucha. Dawa yake ni kipande kidogo cha chuma kilichosimamishwa sakafuni kwenye ukingo wa ukuta, kinachoingia ndani ya mfereji wa milimita 10 uliochimbwa chini ya ubao wa chini wa mlango. Kimewekwa mahali ambapo mlango unakifunika wakati wote, ukiwa wazi au umefungwa, hivyo hakuna mguu unaoweza kukikuta.

Kitambaa cha hapa kinaonekana pande zote mbili, kwa hiyo kanga na vitambaa vingi vya chapa vimekosa sifa, kwani nyuma yake ni hafifu. Kitenge cha nta hupenya rangi pande zote. Upana wake wa sentimita 114 hivi unatosha fremu hii na kubakiza ziada ya kupindia. Nilikinunua Kariakoo, katika Mtaa wa Uhuru, baada ya kukigeuza geuza mbele ya muuzaji hadi akachoka nami. Upande wa mpira umefunikwa kwa fito nyembamba za mtiki zinazobanwa kwa skrubu ndogo, jambo linaloongeza dakika chache siku ya kufua, nami nimelikubali kwa sababu mpira mweusi mbele ya wageni haupendezi.

Desemba, baada ya vuli

Mvua za vuli zimekuwa mtihani wa kwanza. Milango ya kabati haikukwama hata siku moja. Nafasi ya hewa juu yake ilipungua kutoka milimita 6 hadi 5 katika majuma yenye mvua nyingi, ikabaki hapo. Ndani ya kabati hakuna uvundo, na mashati ya pamba yaliyokuwa yakitoka na madoa ya ukungu kila msimu yametoka safi.

Marekani ya nafasi za juu ililegea kidogo baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kuikaza kulihitaji kuchomoa mpira wa upande wa chini tu, kuvuta na kuurudisha. Kijana wa nyumbani aliifanya kazi hiyo peke yake, na kwa sharti nililoweka mwezi Mei sihitaji kipimo kingine. Kitenge cha sebule kimefuliwa kwa maji baridi na kuanikwa kivulini; hata hivyo mlango wa kulia, unaopigwa na jua la jioni, umeanza kupauka kuliko mwenzake, na kuanzia sasa vitambaa vya milango hiyo miwili vitabadilishana nafasi kila vinapofuliwa.

Sehemu kubwa ya gharama ilikwenda kwenye mbao, reli na mashine. Kitambaa kilikuwa kidogo kiasi kwamba nimekata seti ya pili ya marekani kutoka kwenye jora lilelile, iliyokwisha kulowekwa na kushonwa upindo, ili milango isikae uchi seti ya kwanza inapokuwa kambani. Vipimo vya kukatia, pamoja na ziada ya upindo, vimeandikwa kwa penseli upande wa ndani wa ubao wa chini wa kila mlango. Linalobaki ni kupaka mifereji nta upya kabla ya Machi na kubadilisha magurudumu mawili ya reli ya sebule, ambayo yameanza kutoa mlio kwa chumvi, kwa mengine yenye beringi zilizofunikwa.